Pombe utotoni huandaa unywaji wa ukubwani: funzo la panya na kima

KATIKA wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, boha itokanayo na maji ya miwa ni miongoni mwa pombe za kienyeji zinazofahamika. Kama zilivyo pombe nyingi za nyumbani, hutengenezwa na kuuzwa palepale watoto wanapolelewa. Je, mtoto aliyefikiwa na pombe mapema huandaliwa kuwa mnywaji?

Kwa kuwa haifai kumnywesha mtoto pombe kwa ajili ya utafiti, wanasayansi wametafuta jibu kwa wanyama.

Tumboni na ziwani

Pombe anayokunywa mjamzito hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Majaribio ya watafiti kama Juan Carlos Molina wa Argentina na Norman Spear wa Marekani yalionyesha kuwa panya waliopata pombe katika siku za mwisho za mimba, wakishazaliwa, huipokea kwa urahisi na kunywa nyingi kuliko wenzao. Sababu mojawapo ni kuzoea harufu na ladha yake. Pombe hupita pia katika maziwa ya mama, hivyo mazoea hayo yaweza kuendelea wakati wa kunyonya.

Malezi

Mwaka 1991, J. Dee Higley na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu kima aina ya rhesus. Waliolelewa miezi sita ya mwanzo bila mama, wakiwa na wenzao wa rika tu, walikunywa pombe zaidi walipokua kuliko waliolelewa na mama. Lakini hao wa mama nao, walipotengwa na wenzao, waliongeza unywaji hadi kuwakaribia wale wa kwanza. Maana yake, upweke na hofu navyo huchochea unywaji.

Balehe

Panya anayebalehe, akipewa kiasi kilekile cha pombe, hasinzii wala hapepesuki kama panya mzima. Hivyo hukosa breki ya mapema. Hata hivyo, kuhusu iwapo panya huyo atakunywa zaidi ukubwani, matokeo ya majaribio yametofautiana.

Tahadhari

Panya si binadamu. Kurithi, dhiki na mazingira pia huchangia, na si kila mtoto wa mtengeneza pombe huwa mlevi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, na Machi 1, 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba. Lakini katazo la kuuza halifiki tumboni, wala halizuii mzazi kumwonjesha mwanawe uani. Huko kinga imo mikononi mwa familia. Shirika la Afya Duniani linasisitiza kuwa hakuna kiasi cha pombe kilicho salama kwa mjamzito, na ujumbe huo unastahili kumfikia kila mama anayehudhuria kliniki, pamoja na mumewe.