Rangi Tatu za Kisutu

Nimesikia mara nyingi ikidaiwa, tena na walimu, kwamba Kiswahili ni maskini wa rangi. Ati tuna nyeupe, nyeusi na nyekundu tu, mengine ni ya kuazima. Hapa Gatina dai hilo linagusa riziki. Vijana wanaochapa fulana na mabango huniambia kazi yao haisemeki kwa Kiswahili, na anayejifunza kwao hulazimika kuiacha lugha yake mlangoni. Mimi nabisha.

Tuanze na sarufi. Ni kweli kuwa -eupe, -eusi na -ekundu ndizo zinazochukua viambishi vya ngeli: kitambaa cheupe, mlango mweusi, maua mekundu. Nyingine husimama kwa kiunganishi cha a: kitambaa cha kijani, nguo ya zambarau. Mwaka 1969, Wamarekani Brent Berlin na Paul Kay walilinganisha lugha 98, wakadai kuwa lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na haya haya matatu.

Sasa tazama kisutu, leso ya bibi harusi wa pwani. Rangi zake ni zipi? Nyekundu, nyeusi na nyeupe! Hakina picha ya ndege wala korosho, ni maumbo madogo yanayojirudia. Ukikisogelea unahesabu vidoa; ukirudi nyuma vidoa vinaungana, unaona rangi moja iliyokolea ambayo mchapaji hakuitia. Nani kaitia? Jicho lako.

Jambo hilo si geni. Katika karne ya 11, Ibn al-Haytham wa Basra alieleza kuwa pia yenye rangi mbalimbali ikizungushwa kwa kasi huonekana ina rangi moja. Picha za rangi katika gazeti unalosoma nazo ni vidoa vya wino wa aina nne tu.

Kuna na ujirani. Mfaransa Michel-Eugène Chevreul alisimamia utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akachunguza, akakuta dawa ya rangi haina kasoro: weusi ulibadilishwa machoni na rangi zilizoupakana. Alichapisha kanuni hiyo mwaka 1839. Basi mteja anayefoka, "Buda, hii nyekundu si ile niliyoagiza!" huenda anamwonea fundi. Wino ni ule ule, jirani ndiye mwingine.

Rudi sasa kwenye majina "ya kuazima". Manjano ni kiungo cha jikoni. Kijivu ni jivu, kijani ni jani, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Damu ya mzee haihitaji maelezo. Kila jina linakuonyesha kitu uende ukakitazame juani, na fundi akiambiwa "zambarau iliyoiva" anajua achanganye nini. Hata -eupe ina mwanga ndani yake: kukicha twasema kumekuwa kweupe, na jambo lisilofichwa hufanywa peupe.

Leso nayo imetuachia msamiati wa kuchapa: pindo kandoni, mji katikati, jina chini yake. Wachapaji wa Gatina waanzie hapo. Lugha iliyoweza kupanga kisutu haitashindwa na fulana.