Pumzi ya Tanuru na Povu la Maziwa

Povu ni hewa iliyofungwa ndani ya maziwa. Atakayeishika tafsiri hii fupi hatapotea asimamapo dukani mbele ya vyombo vya kutia povu maziwa ya kahawa, kila kimoja kikijisifu kwa mng'aro wake. Swali la kwanza si bei wala rangi, bali ni hili: hewa itaingiaje, na kwa nguvu ya nani? Swali hilo halikuzaliwa na kahawa. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, ambako mji wa Sumbawanga umekaa zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, mafundi waliliuliza zamani juu ya kitu kigumu kuliko maziwa, nacho ni chuma.

Wafipa walikuwa na tanuru za namna mbili. Ya kwanza, iliyoitwa ilungu, ilikuwa mnara wa udongo wenye kimo cha mita 3 hivi, uliotobolewa matundu chini kuuzunguka. Tanuru hiyo haikuvukutwa. Moto ulipopanda, kimo chenyewe kilivuta hewa kutoka chini, mpaka mawe yakatoa chuma ghafi. Ya pili, kintengwe, ilikuwa fupi, nayo ilihitaji mivukuto na mikono ya watu; humo chuma ghafi kilisafishwa kabla ya kufuliwa. Moja ilikula moto mwingi na wakati mwingi, ikaisamehe mikono. Nyingine iliidai mikono, ikalipa kwa usafi. Fundi hakuuliza ipi ni bora kuliko mwenzake. Aliuliza kazi iliyo mbele yake ni ipi.

Chuma hicho kilifuliwa majembe, na kwa majembe watu wa uwandani waliinua matuta yao ya mviringo, wakifukia majani yaoze na kuurutubisha udongo. Kisha yakaja majembe ya viwanda vya Ulaya, rahisi kwa bei na tayari kwa kazi. Mkulima aliyeyanunua hakukosa, maana shamba halingoji. Lakini tanuru zilizimika, na pamoja nazo ukazimika ujuzi. R. C. Greig alichapisha maelezo yake juu ya chuma cha Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia, alipokamilisha tasnifu yake mwaka 1995 juu ya kazi ya chuma kusini-magharibi ya Tanzania, mashahidi wake wakubwa walikuwa magofu ya tanuru na mavi ya chuma yaliyotapakaa ardhini. Ujuzi uliokaa viganjani ulikuwa umehamia vitabuni.

Sasa turudi kwenye kikombe. Vyombo vya povu ni vingi kwa majina, lakini njia zake ni tatu: kuzungusha, kusukuma na kupuliza.

Kuzungusha ndiko kukongwe. Upekecho, mti ule unaosokotwa baina ya viganja viwili, wajulikana sana kwa wapishi wa mlenda wa nchi ya kati. Kifimbo cha betri chenye kizingo cha waya kichwani, kiuzwacho leo kama jambo jipya, si kingine ila upekecho ulioondolewa viganja ukapewa mota. Hata jagi la umeme, lipashalo maziwa na kuyazungusha kwa pamoja, ni wa ukoo huohuo.

Kusukuma ni kazi ya jagi lenye mchi wa wavu. Waitalia Attilio Calimani na Giulio Moneta waliandikisha haki ya chombo cha namna hiyo mwaka 1929, nao walikusudia kuchuja kahawa. Baadaye ilionekana kwamba mchi ukipandishwa na kushushwa upesi ndani ya maziwa, wavu huikata hewa vipande vidogo na povu huwa laini.

Kupuliza ni kazi ya mvuke. Mashine aliyoiandikisha Luigi Bezzera wa Milan mwaka 1901 iliufanya mvuke kuwa mtumishi wa kahawa, na mashine za mikahawani zikaendelea kuutumia kupasha maziwa na kuyatia hewa kwa pumzi moja. Povu lake ni zuri kuliko yote, ila hudai moto, mgandamizo na fedha.

Mwenye nyumba Sumbawanga achague nini? Kwanza ayatazame maziwa. Yale ya jirani mfugaji sharti yachemshwe kabisa, maana maziwa mabichi huchukua maradhi; na katika kimo kile maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kisha yapoe hadi nyuzi 60 au 65, malai iondolewe, ndipo yatiwe povu. Mafuta yakiwa mengi povu hupungua wingi lakini huzidi ulaini. Linaloshikilia hewa hasa ni protini. Kwa kuwa maziwa yamekwisha kupashwa jikoni, faida ya jagi la umeme imepungua nusu. Pili, autazame umeme. Kwa miaka mingi mji huo ulitegemea umeme uliovuka mpaka kutoka Zambia, na kila utegemezi wa mbali una siku yake ya giza. Kwa sababu hizo mbili jagi la mchi ndilo lifaalo zaidi: halina waya, halina betri, huoshwa kwa maji ya moto, na likiharibika mtu huona kwa macho kilichoharibika. Mwenye wageni wengi na umeme wa kuaminika anunue la umeme bila kuona haya, kama mkulima alivyonunua jembe la Ulaya.

Lakini na ajue anachokinunua. Hasara ya Ufipa haikuwa jembe geni kuingia. Ilikuwa kwamba vizazi vilipopita, walioweza kuiwasha ilungu walizidi kupungua. Chombo kipya ni mgeni mwema nyumbani kwa ajuaye kazi yake. Kwa asiyejua, siku kinapovunjika, kahawa hunywewa kavu, na mti wa kupekechea umelala karibu na mafiga.