Somo la Historia: Kura ya Alama Tatu

Twaeni kalamu na karatasi. Leo tutatazama jinsi uchaguzi unavyoweza kupindwa kwa sheria, bila kuiba hata kura moja.

Andikeni mwaka: 1958. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu yapata elfu 20. Nchi iligawanywa majimbo 10, na kila jimbo likapewa viti vitatu katika Baraza la Kutunga Sheria: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu. Hesabuni wenyewe. Wale milioni 8, viti 10. Wale elfu 20, viti 10.

Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ilimpasa awe amefika darasa la nane, au awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe na cheo kinachotambuliwa na serikali. Kibarua wa mkonge angezitoa wapi? Nawe unayejifunza kusoma sasa, ungebaki nje ukimtazama jirani yako akiingia.

Na huyo aliyeingia alikuta mtego. Ilimlazimu kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Akiweka alama kwa Mwafrika peke yake, karatasi yake imeharibika.

Januari 1958 chama cha TANU kilikutana Tabora. Wengi walitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Julius Nyerere akawaonyesha kwamba wakisusia, viti vitakwenda kwa UTP, chama kilichopendwa na serikali. Wakabishana sana, mwisho wakakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka akaunda chama chake. Uamuzi ule huitwa Uamuzi wa Busara.

Basi TANU ikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubali siasa yake, na wafuasi wakaambiwa waweke alama zote tatu. UTP haikupata kiti. Mtego ukamnasa aliyeutega!

Kwa uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yalilegezwa. Pato likashushwa hadi pauni 75, na mtu aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili aliweza kuandikishwa, hata kama hakukaa darasa la nane.