HISTORIA YA MAMA, SEHEMU YA 4: Kadi ya kliniki inampima mtoto. Mama je, anapimwa na nani?

Leo somo ni refu kidogo. Ukiwa unanyonyesha, soma taratibu, haliendi popote.

Baada ya sehemu ya tatu, swali lililorudi mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nesi, hii sonona ya uzazi mbona bibi zetu hawakuwa nayo? Si mambo ya wazungu haya?" Swali zuri, na jibu lake liko kwenye historia. Nawaahidi mkimaliza kusoma mtaona kwamba jambo hili lina mizizi hapa hapa Afrika Mashariki.

Tuanze na kitu unachokijua: kadi ya kliniki. Ule mchoro wa uzito ambao nesi anaweka nukta kila mwezi una historia yake. Umetokana na kazi ya daktari wa watoto kutoka Uingereza, David Morley, aliyefanya kazi Ilesha, Nigeria, miaka ya 1950 na 1960. Aliona watoto wanafikishwa hospitali wakiwa wameshadhoofu sana. Akatengeneza kadi inayokaa kwa mama mwenyewe nyumbani, ili mstari ukianza kulala mama na nesi waone mapema kabla mtoto hajaanguka. Kadi ya namna hiyo ikasambaa duniani na imeokoa watoto wengi.

Lakini iangalie tena. Mtoto ana mstari wake. Wewe mama tunakupima presha, damu, uzito, tunakuchoma sindano ya pepopunda. Moyo wako una mstari gani?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa: hauna. Wakati wa Mjerumani, wamisionari walikuwa na nyumba ya wagonjwa wa akili kule Lutindi, milima ya Usambara. Wakati wa Mwingereza, mwaka 1927, ikaanzishwa hospitali ya akili hapa hapa kwetu Dodoma: Mirembe. Nchi nzima inaijua. Mtu akifanya jambo la ajabu, utasikia "huyu apelekwe Mirembe", watu wanacheka. Ule utani una gharama yake. Mama aliyejifungua, halali, analia bila sababu, hana hamu hata ya kumshika mtoto, akiusikia anafunga mdomo. Anajua akisema tu, jina la Mirembe litamfuata mpaka kisimani. Na jamani, kwa Kiganda neno "mirembe" maana yake ni amani.

Sasa twende huko huko Uganda. Mwaka 1954 alifika Kampala mwanasaikolojia mmoja, Mary Ainsworth. Alikuwa amefanya kazi London na John Bowlby, aliyekuwa akichunguza kinachompata mtoto akitenganishwa na mama yake. Ainsworth alisikia kwamba Waganda wakimwachisha mtoto ziwa wanampeleka kwa bibi, akataka kuona mtoto anaathirika vipi. (Wangapi hapa mlipelekwa kwa bibi kuachishwa ziwa? Nyoosheni mikono.) Kufika vijijini akakuta wengi hawafanyi hivyo tena. Basi akaamua kukaa na kutazama tu. Familia 26, watoto 28, akiwatembelea kila baada ya wiki mbili kwa takribani miezi tisa, pamoja na mkalimani. Aliketi sebuleni na akina mama, wakipiga stori, huku akimwangalia mtoto.

Aliona nini? Mtoto anatambaa kwenda kuchunguza kitu, anageuka kumtazama mama, anaona yupo, anaendelea. Mama ni kama kituo chake: anatoka, anarudi, anatoka tena. Na watoto waliokuwa watulivu zaidi, mama zao ndio waliowajua vizuri, wale wanaoweza kukueleza mtoto wangu akilia hivi ana njaa, akilia vile ana usingizi. Jambo lingine muhimu kwako wewe unayeuza mboga Majengo ukimwacha mtoto na shangazi au dada: hakuona kwamba kulelewa na watu wengi, peke yake, kunamwondolea mtoto utulivu. Kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka 1967, na nadharia iliyotokana na kazi hiyo inafundishwa leo dunia nzima. Ukisikia wataalamu wanasema "malezi yenye mwitikio", sehemu kubwa ya wazo hilo ilichukuliwa kwa akina mama wa vijijini Uganda. Ilisafiri, ikarudi kwetu ikiwa imevaa suti.

Ila Ainsworth alikuwa anamtazama zaidi mtoto. Aliyegeuza macho kwa mama alikuwa mwingine.

Miaka ya 1970 daktari wa akili, John Cox, alifundisha Makerere. Alichunguza wajawazito 263 wa vijiji vya Uganda, akawalinganisha na wanawake wasio wajawazito, na akafuatilia pia waliojifungua. Kuna waliokuwa na sonona kweli kweli: usingizi hakuna, hamu hakuna, mwili mzito. Hawa hawakuwa wazungu. Walikuwa wakulima wa migomba kama shangazi zetu.

Cox alikuta pia kwamba Waganda walikuwa na jina la mama kuchanganyikiwa baada ya kujifungua: amakiro. Kwa hiyo anayesema zamani ugonjwa huu haukuwepo, ajiulize: kitu ambacho hakipo kinapewaje jina? Tatizo lilikuwa kwenye maelezo ya chanzo. Ilisemwa amakiro inatokana na uzinzi wakati wa ujauzito. Mama anaumwa, halafu anashitakiwa juu.

Msiwacheke Waganda. Sisi tuna "kubemenda". Mtoto akidhoofu, akichelewa kutembea, badala ya kuuliza kala nini, kaharisha mara ngapi, mama analala saa ngapi, ukoo unakaa kikao: mama kambemenda mtoto. Nimewaona wodini wakiletwa na mtoto, kichwa chini, hawajibu maswali. Aibu inawaziba mdomo, na mgonjwa aliyezibwa mdomo hatibiki.

Cox akarudi Uingereza. Mwaka 1987, kule Scotland, yeye na wenzake Jenifer Holden na Ruth Sagovsky wakachapisha dodoso la maswali kumi tu kwa mama aliyejifungua. Linauliza kuhusu siku saba zilizopita: umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Umekosa usingizi kwa huzuni? La mwisho linauliza kama umewaza kujidhuru. Limetafsiriwa kwa lugha nyingi na linatumika mpaka leo. Aliyelianzisha alikuwa ameshakaa na akina mama wa Uganda kabla ya wa Edinburgh.

Na Tanzania? Hatukulala. Kuanzia 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ulianza mpango wa kuingiza huduma za afya ya akili kwenye vituo vya kawaida, kwanza Morogoro na Kilimanjaro, ili mtu asisubiri mpaka aletwe Mirembe amefungwa kamba. Baadaye Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake waliwafuata wajawazito kwenye kliniki za Dar es Salaam. Kwenye utafiti wao wa 2010, karibu wanne kati ya kumi walikuwa na dalili za sonona. Wanne! Pale kwenye benchi la kliniki, ukihesabu kumi, wanne. Na yaliyohusiana na hali hiyo ni ugumu wa maisha na mahusiano na mwenzi. Akina baba, hapo mmetajwa.

Je, inatibika? Pakistani walijaribu. Profesa Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, watu wa kawaida kama wahudumu wetu wa afya ngazi ya jamii, kuwatembelea akina mama wenye sonona na kuzungumza nao kwa utaratibu. Matokeo yalichapishwa 2008. Miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa 23 kati ya 100, wakati kwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo walikuwa 53. Watoto wao waliharisha mara chache zaidi, walikamilisha chanjo zaidi, na wazazi walicheza nao zaidi. Ukimtibu mama, mtoto naye anapata dawa.

Serikali yetu ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyoanza 2021/22, na malezi yenye mwitikio ni nguzo yake mojawapo. Naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini nikiwa nesi naona tundu. Tunamwambia mama cheza na mtoto, ongea naye, mwitikie. Mama ambaye moyo umezimika ataitikia kwa nguvu ipi? Mwaka wa njaa huku kwetu, mvua imekata, maji ya kununua kwa ndoo, mume kasafiri kutafuta kibarua, ndipo tunamwongezea na somo la kuchezea mtoto. Lazima kwanza mtu amuulize: na wewe unaendeleaje?

Kwa hiyo shika haya:

1. Kulia na kuhisi mzigo siku chache baada ya kujifungua huwapata wengi, na huisha ndani ya wiki mbili. Ikipita hapo, au ikiwa nzito, njoo zahanati au kituo cha afya. Huhitaji rufaa kuongea na nesi.

2. Mama akianza kusikia sauti, kuona visivyoonekana, kuongea ovyo, halali kabisa, au anasema atajidhuru au atamdhuru mtoto: hiyo ni dharura. Usimwache peke yake na mtoto, mlete hospitali siku hiyo hiyo. Maombi yaendelee mkiwa njiani.

3. Mama mkwe, wifi, baba: mkifika kuona mtoto, kabla ya kusema "kafanana na nani", muulize mama kalala? Kala? Halafu subiri jibu la pili, maana la kwanza huwa ni "nzuri tu".

4. Siku ya kliniki nesi asipokuuliza, sema mwenyewe: "Nesi, mtoto yuko sawa, mimi siko sawa." Sentensi hiyo inatosha.

Bibi zetu walikuwa nayo, wamama. Walikuwa nayo wakasingiziwa uzinzi, au wakanyamaza wakaenda shamba. Wewe una bahati ya kuwa na jina lake na dawa yake.

Sehemu ya tano nitaongelea akina baba na sonona, na najua kuna watakaobisha. Kama kuna mama uliyemkumbuka ukisoma hapa, usimtag hadharani. Mpigie simu.