Pat Summitt: kocha mkuu akiwa na miaka 22
Mwaka 1974, Chuo Kikuu cha Tennessee nchini Marekani kilimkabidhi timu yake ya wanawake ya mpira wa kikapu msichana wa miaka 22. Pat Head, aliyekuja kujulikana kwa jina la ndoa la Summitt, alikuwa amefika chuoni hapo kusomea shahada ya pili huku akiwa kocha msaidizi. Kocha mkuu alipochukua likizo ya masomo, jukumu lote likamwangukia yeye. Baadhi ya wachezaji aliwazidi umri kwa mwaka mmoja tu.

Mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Aliendesha mwenyewe gari la timu na kufua jezi, ambazo zilikuwa zimenunuliwa kwa fedha za kuuza donati. Sheria ya mwaka 1972 dhidi ya ubaguzi wa kijinsia katika elimu ilikuwa bado changa. Ubingwa wa NCAA kwa wanawake haukuanza kushindaniwa hadi mwaka 1982.

Mchezo wake wa kwanza alishindwa na Mercer, 84 kwa 83.

Mwenyewe alikuwa angali mchezaji, na mwaka 1976 alitwaa medali ya fedha katika Olimpiki ya Montreal. Alidumu Tennessee misimu 38, akashinda michezo 1,098 na mataji 8 ya taifa. Alistaafu mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya kutangaza kwamba anaugua maradhi ya Alzheimer, na akafariki dunia mwaka 2016.