Sura ya Mgeni kwenye Fedha: Trakia, Zanzibar na Butembo

Kambiste, yaani mbadilisha fedha, wa Butembo, mashariki mwa Kongo, hapokei dola kabla ya kuigeuza na kuikagua pembe zote. Akiona imechanika ukingoni, japo kidogo, huirudisha au huichukua kwa bei ya chini. Kwa Wamarekani walioichapa, noti hiyo haijapoteza hata senti. Sokoni imeshakufa.

Ukaguzi wa namna hii una ukoo mrefu. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, kisiwa cha Thasos kilipiga sarafu pana za fedha, gramu 16 hadi 17: upande mmoja kichwa cha Dionysus, upande wa pili Herakles na rungu lake, pamoja na maandishi ya Kigiriki yanayomwita mwokozi wa watu wa Thasos. Watrakia wa bara, katika nchi ambayo leo ni Bulgaria, waliizoea mno hata wakaipiga wenyewe. Nakala ilizaa nakala. Herufi zikageuka nukta na vijiti, Herakles akabaki mistari mitupu. Wako wanaouita huo uharibifu. Mimi siuoni hivyo. Maandishi yale hayakuwekwa yasomwe. Yalikuwa alama kwamba fedha imo, na kweli ilikuwemo.

Pwani yetu nayo ilikuwa na reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Vienna iliendelea kuipiga hadi karne ya 20, bado ikiwa na mwaka ule ule wa marehemu, kwa sababu wafanyabiashara wa Arabuni na Uhabeshi waliangalia hadi lulu za mapambo yake na kuikataa sura yoyote ngeni. Misafara ya pembe za ndovu iliyofika Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, ilibeba shanga, nguo na waya, lakini madeni yake yalihesabiwa Unguja, kwa reale. Sultani Barghash wa Zanzibar alipigisha reale yenye jina lake mwaka 1299 wa Hijria. Zilikuwa chache, na rupia ya India ndiyo iliyoshika soko.

Kinshasa haikukosa jina wala picha ya kuweka kwenye noti. Sarafu ya zaire ilizaliwa mwaka 1967 ikiwa sawa na dola 2. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Kasai wakaikataa kabisa, wakaendelea na noti zao kuukuu, ambazo angalau serikali haikuwa ikizichapa tena. Ni akili ile ile ya kumwamini malkia aliyekwisha kufa. Butembo ikaelekea kwenye dola: kodi ya nyumba, pikipiki, mzigo wa Dubai au Guangzhou. Mama anayeuza maharage sokoni hupokea feranka, fedha ya Kongo ya sasa, na kuzibadilisha kwa dola anapotaka kuweka akiba.

Hapa ndipo mfano wa Trakia unapoachana na wetu. Watrakia waliazima sura tu. Nchi yao ilikuwa na migodi, na Getas, mfalme wa Waedoni, kabila la Kitrakia, alikuwa ameandika jina lake kwenye fedha nzito karne nyingi kabla ya nakala za Thasos. Hata Filipo wa Makedonia, alipotwaa mji wa Krenides mwaka 356 kabla ya Kristo, alifuata madini ya huko. Kivu Kaskazini nayo ina dhahabu. Nyingi huvuka mpaka kimagendo kwenda Kampala, halafu Dubai, na kinachorudi Butembo ni noti zilizochapwa Marekani, ambazo hakuna fundi wa hapa awezaye hata kuziba mpasuko wake.