Mbegu Juu ya Moto

Nani kati yetu hakumwona mama yake akichagua mahindi ya mbegu? Wakati wa mavuno huchagua yale makubwa yenye punje nzima, huyafunga kwa maganda yake, na kuyatundika juu ya mafiga. Moshi huyalinda, wadudu wasiyatoboe. Miezi inapita. Ghala inakuwa tupu, watoto wanalia njaa, lakini mama hayagusi mahindi yale. Anajua: tukila mbegu leo, mwaka ujao tutavuna nini?

Hapo ndipo wengi wetu tulipofundishwa matumaini, kabla hatujashika katekisimu.

Eklezia nayo haikuyadharau mambo ya shamba. Tangu zamani Wayahudi walimtolea Mungu mganda wa kwanza wa shayiri siku za Pasaka, na baada ya siku hamsini walishangilia mavuno ya ngano. Siku ile ya mavuno ndiyo Pentekoste, siku Roho Mtakatifu alipowashukia Mitume.

Baadaye, karibu na mwaka 470, mji wa Vienne, katika nchi iitwayo leo Ufaransa, ulipatwa na mashaka: matetemeko ya ardhi na mioto. Askofu wao, Mtakatifu Mamertus, aliwaalika watu wafunge chakula na kwenda kwa maandamano siku tatu kabla ya Kupaa kwa Bwana, wakiimba litania. Mwaka 511 Mtaguso wa Orléans uliamuru desturi hiyo ifuatwe katika Gallia. Polepole ikawa sala ya kuombea mashamba, maana huko ni majira ya mimea kuchipuka.

Mapadri Weupe walipoipokea misioni ya Mpala, pwani ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885, walikuja na kalenda ile ile. Lakini kwetu, pwani ile na Katanga, mvua huanza Oktoba au Novemba, na hukoma Aprili. Basi litania za mashamba zilipoimbwa, sisi tulikuwa tumekwisha kuvuna, na kiangazi kilikuwa mlangoni. Na Novemba, mama aliposhusha mbegu kutoka juu ya moto, kalenda haikuwa na litania ya shamba lake.

Je, Mungu hakumsikia? Alimsikia. Mama alifanya ishara ya msalaba penye tuta la kwanza, akaanza kupanda. Sala yake haikuandikwa kitabuni, lakini ilikuwa sala ya Eklezia. Mwaka 1964 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulisema kwamba jamaa ya Kikristu ni kama Eklezia ya nyumbani. Na mwaka 1969 kanuni mpya za mwaka wa liturujia ziliwaachia maaskofu wa kila nchi kupanga siku za kuombea mazao, kufuatana na majira ya kwao.

Hata hivyo tusidanganyike. Sala si dawa ya kuvuta mvua. Tumeona miaka ambayo mbegu zilioza udongoni, au jua liliunguza miche, na baba akarudi nyumbani kimya, jembe begani. Siku ile matumaini yetu yanapimwa kweli. Je, jioni tutakusanyika tena kusali? Je, tutamgawia jirani kikapu cha mihogo, naye ana watoto wengi kuliko sisi? Nyumba inayofanya hivyo haijapoteza mbegu yake.

Majilio hutukuta kwetu wakati wa kupanda. Tunamngojea Bwana, na tunangojea mche utoke udongoni. Basi, wazazi, msipande peke yenu. Waiteni watoto shambani, mtie punje mkononi mwa aliye mdogo kuliko wote, msali pamoja Baba Yetu, kisha aifukie yeye mwenyewe. Kesho atakimbia kutazama kama imeota. Mwambieni angoje. Atakuwa ameanza kujifunza imani.